Kwa Tatu, kwa Tano, kwa Saba

Uvira, Kimanga, tarehe 2 Juni 1964

Binti yangu Félicité,

Kama karatasi hii inanuka ndagala, usishangae. Inavuka mpaka chini ya kitunga cha Mama Generose, kwa sababu askari wa pande zote mbili wanapenda kula ndagala lakini hakuna anayependa kuwatia mkono.

Habari ya kwanza: niko muzima. Habari ya pili: nimepandishwa cheo. Simba, wale waasi, walipoingia mu Uvira mwezi uliopita walitafuta muntu wa kuandika. Wenye diploma walikuwa wamekwisha kukimbia kwa pirogi, mitumbwi ya ziwani. Wakanikuta minye kwenye mizani ya pamba, nimevaa miwani. Kwa sababu ya miwani hiyo, sasa minye ni Sekretere wa kundi la Komanda Jean-Berchmans.

Habari ya tatu nilitaka kuificha chini, lakini najua wewe unaanza kusoma barua kutoka chini. Kaka yako Octave ameingia Simba. Hakulazimishwa. Asubuhi alikwenda kubeba pamba, jioni akarudi na majani kichwani. Nikamwambia, “Weye, hata kuku wa kuchinja anakushinda akili.” Akacheka. “Papa, ukinywa maji ya dawa, risasi inageuka maji.” Nikamuuliza, “Na maji yakiisha?” Akaenda kuoga.

Sasa shida yangu. Mama wa dawa, mganga wa kundi, ametoa sheria: aliyekunywa yale maji asijue hesabu ya kundi. Ukihesabu watu kwa kidole, anasema, unamwonyesha mauti njia. Minye pia nilikunywa. Hawakuniuliza kama nina kiu. Lakini Komanda anataka viatu kutoka kwa marafiki zake Wachina wa huko Bujumbura, na hao marafiki wanauliza: pea ngapi? Jana aliniita. “Sekretere, tafuta hesabu bila kuhesabu.”

Nikakumbuka hadithi yako ya yule jemadari wa Wachina aliyejua idadi ya askari wake bila kuwahesabu. Wewe hukunywa. Nipe njia yake, hesabu ifanyike kwako.

Baba yako,
Norbert

Bujumbura, 11 Juni 1964

Papa mpenzi,

Barua imenuka mpaka chef wangu wa ofisini akauliza kama baba yangu ni mvuvi. Nilimjibu ni Sekretere wa Simba. Akasema ingekuwa afadhali mvuvi.

Habari ya kaka yangu, yaya Octave, nimeisoma mara nne, nikidhani labda mara moja itabadilika. Kama dada ningekuja kumvuta sikio. Acha nijibu kama fundi.

Unajua kazi yangu: mashini inakula kadi zenye matundu na kutoa majumla. Watu wanadhani ina akili. Haina. Ina utii tu. Usipoiambia isimame, haisimami. Kwa hiyo kazi ni kuiandikia kila hatua, hata ile ambayo mtu mzima angeona aibu kuambiwa, halafu kufunga nyaya kwenye tablo, ubao wa mashini, kufuata hatua hizo. Hiyo wanaiita programu. Sasa, Papa, utakuwa mashini yangu.

Panga watu wote mistari ya watatu watatu. Wanaobaki bila kutimiza mstari, andika ni wangapi. Halafu panga kwa tano, andika wanaobaki. Halafu kwa saba. Basi. Niletee namba tatu hizo. Wewe hutajua hesabu, na dawa ya watu itakuwa salama.

Mimi huku, namba ya kwanza nitaizidisha mara sabini, ya pili mara ishirini na moja, ya tatu mara kumi na tano. Nitajumlisha. Halafu nitatoa mia na tano, nitatoa tena, mpaka mia na tano isiweze kutoka. Kinachobaki ndiyo ninyi. Hiyo ya kutoa ndiyo hatua ya mwisho, na bila hiyo yote ni uongo. Wachina walijua hili zaidi ya miaka elfu iliyopita. Mimi nimelijua kwa kijitabu cha Wachina nilichonunua karibu na soko, ambacho nusu ya kurasa zake ni picha za trakta.

Njia ina udhaifu mmoja. Watu ishirini na watu mia moja ishirini na watano, kwake ni sawasawa. Kwa hiyo kila mara niongezee neno la macho: mko wachache ao mko wengi?

Mapinduzi yenu siyajui, Papa. Katika hesabu yote hiyo nataka mtu mmoja tu awe ndani. Mulinde.

Félicité

Uvira, 27 Juni 1964

Binti yangu mwenye mashini,

Tumepanga. Komanda aliwaambia ni mazoezi ya jeshi la Wachina, wakayapenda kuliko chakula. Ili ipendeze aliwaweka wafupi mbele, warefu nyuma. Octave, unajua urefu wake, alikuwa wa mwisho kabisa, kwa hiyo kila tunapopanga na watu wakabaki, yeye yumo. Wenzake wamempa jina la Reste, neno la Kifaransa la darasani: kinachobaki. Kila wakiita, anainama kama padri.

Kwa tatu walibaki wawili. Kwa tano, wanne. Kwa saba, sita. Neno la macho: uwanja wa shule umejaa mpaka kwenye goli. Ni kama mia. Mia mbili hawafiki.

Unajua minye nilijifunza hesabu kwa kitabu kisicho na majibu. Kurasa za mwisho polisi mmoja alikuwa amezivuta kama sigara kabla sijakinunua. Wanafunzi wa siku hizi wanafungua majibu kwanza, halafu wanatafuta njia ya kuyafikia. Hiyo si hesabu, hiyo ni kwenda kwa shangazi, ambako njia unaijua tangu utoto. Minye nilifika kila jibu peke yangu na sikujua kama nimefika. Mpaka leo nikipata jibu nalitazama kama mugeni: labda ndiye, labda siye. Ni mafunzo mazuri kwa nyakati hizi.

Komanda naye ana kijitabu chake cha historia ya Wachina. Anatusomea kwa sauti: jeshi lilitembea mwaka mzima, milima, theluji, mito, maadui pande zote. Waliondoka elfu themanini na kitu. Wakafika kama elfu nane. “Walifika!” anapiga kelele, na uwanja mzima unapiga makofi. Minye ni karani, ugonjwa wangu ni huo: nikatoa. Nilitoa kimya, mdomo umefungwa. Kitabu hakisemi wale wengine walikwenda wapi. Kinasema tu waliofika waliimba.

Juzi rafiki yangu Rugema alishuka kutoka Rurambo, kule milimani. Watu wetu walikuwa wamekula ng'ombe wake, Gaju. Komanda akamuuliza kwa adabu, “Mzee, una ng'ombe wangapi?” Rugema akamtazama kama aliyeulizwa mama yake atakufa lini. Halafu akasema, “Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Namwita kwa jina, anageuza kichwa. Gaju nimemwita, hakugeuza.” Komanda akaniamuru nimwandikie hati na muhuri. Nikaandika: Gaju, mmoja. Rugema aliishika ile karatasi kichwa chini, akaniangalia kwa huruma.

Norbert

Bujumbura, 9 Julai 1964

Papa,

Mia moja na nne. Ukisoma, sahau, kwa ajili ya dawa. Mjumbe wa Komanda alipita hapa na kofia mpya, akaandika pea mia moja na nne kwenye kiganja cha mkono, kisha akaomba maji ya kunawa. Sijui kama mtapata viatu.

Lakini nina swali la fundi. Je, ulijihesabu? Najua hukujihesabu. Ulisimama pembeni na kalamu. Hilo ndilo kosa la kwanza tunalofundishwa: anayehesabu anajisahau, na jumla inapungua kwa mmoja. Mwezi uliopita nilirudia kadi za siku tatu kwa sababu ya mmoja huyo.

Kwa hiyo naongeza hatua, na hii inatangulia zote: kabla ya kuwapanga watu, jipange mwenyewe. Kila mara. Mashini haibishi, Papa, na wewe usibishe.

Kwa nini yaya Octave haandiki? Mwambie sijakasirika. Mwambie uongo huo vizuri.

Félicité

Uvira, 20 Septemba 1964

Binti yangu,

Nimetii. Nilijipanga mstari wa kwanza kabisa, mfupi kuliko bunduki, na jirani yangu akaniambia nitoe tumbo njiani. Kwa tatu alibaki mmoja. Kwa tano, wanne. Kwa saba, wawili. Neno la macho: goli linaonekana.

Wenzetu walikwenda kupigana uwandani, upande wa Lubarika. Mama wa dawa anaeleza kwamba waliolala huko waligeuka kutazama nyuma, na sheria inakataza. Inaonekana wengi walikuwa wamesahau kitu nyumbani.

Viatu havijafika. Komanda anaviulizia kila asubuhi, ananituma barabarani nikatazame, narudi, ananiuliza rangi ya vumbi. Ametupimia miguu yote kwa kamba ya katani yenye mafundo, na kamba yenyewe ameifungia ndani ya sanduku kama pesa ya kanisa. Wengine wamepaka miguu mafuta ya mawese, iwe tayari.

Yule mmoja aliyebaki kwa tatu ni Octave. Alisimama peke yake nyuma ya mistari yote, akanipungia mkono kama yuko ng'ambo ya ziwa. Hataki kuandika, anasema mwandiko wake ni wa mtu wa kubeba pamba. Ila amesema hivi, nami ninaandika kama alivyosema: “Ambia Félicité mashini yake inanipenda. Kila ikichukua watu, inaniacha.”

Norbert

Bujumbura, 1 Oktoba 1964

Papa,

Sabini na tisa, wewe ukiwa ndani. Mwezi wa sita, tukikuongeza, mlikuwa mia na tano. Ishirini na sita, Papa. Viatu ambavyo havipo umeviandikia nusu ukurasa. Watu ishirini na sita umewaandikia mistari miwili na mzaha.

Najua mzaha wako unatokea wapi. Mama alipofariki ulitufundisha hesabu ya sehemu za kumi siku tatu mfululizo, bila kula.

Huku wanasema askari wa leta, wa serikali, wanakuja Uvira pamoja na Wazungu wa kukodiwa. Mama Generose atakuwa na nafasi mbili kwenye pirogi wiki hii. Mbili: wewe na yaya. Hiyo haihitaji programu. Njooni.

Félicité

Rurambo, 22 Novemba 1964

Binti yangu,

Barua yako nilimsomea Octave pale ufukweni, pirogi ikiwa mbele yetu. Akasema, “Papa, panda, minye nabaki na wenzangu.” Nikamwambia, “Wewe kwanza.” Akasema, “Mkubwa ndiye anatangulia.” Nikasema, “Mwenye miguu mirefu ndiye anatangulia.” Tukabishana kwa heshima, kila mmoja akimsukuma mwenzake, mpaka Mama Generose akachoka akapakia mbuzi wawili. Kwa hiyo uliowapokea badala yetu ni wale. Natumaini walikusalimia.

Siku chache baadaye Uvira ilianguka na tukapanda milima. Komanda anaita jambo hili matembezi marefu. Tumefika kwa Rugema, ambaye tulimlia Gaju wake; ametupa maziwa na hakuuliza kitu. Mvua, baridi. Asubuhi Rugema anaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwenye ukungu, na kila mmoja anageuza kichwa. Nimekaa nikasikiliza. Haulizi ngapi. Anajua nani.

Kwa tatu, wawili. Kwa tano, watatu. Kwa saba, watatu. Neno la macho: tumeenea ndani ya zizi moja, na ndama wana nafasi.

Na viatu vimefika! Vilipitia Fizi, vikapanda kwa migongo ya wapagazi. Viatu vya kitambaa, vya kijani, vya Wachina. Hesabu yenu najifanya siijui, nimekatazwa. Ninachoona ni kwamba lundo la viatu vilivyobaki limefika kifuani kwangu. Mama wa dawa alilitazama, akaondoka siku hiyohiyo bila kuaga. Octave amechukua pea mbili, anasema ya pili ni ya harusi.

Komanda anasema watu kama sabini wanatoka Fizi kutuongezea nguvu. Ameahidi.

Norbert

Bujumbura, 6 Desemba 1964

Papa,

Thelathini na nane. Mbuzi walifika, mmoja amezaa.

Félicité

Rurambo, 14 Februari 1965

Félicité,

Kwa tatu, mmoja.
Kwa tano, mmoja.
Kwa saba, mmoja.

Norbert

Bujumbura, 2 Machi 1965

Papa, Papa yangu!

Nilifanya hesabu nimesimama mlangoni, kitunga cha Mama Generose kikiwa bado kichwani kwake. Sabini, na ishirini na moja, na kumi na tano: mia moja na sita! Wa Fizi wamefika! Thelathini na nane na watu kama sabini, ni kama Komanda alivyoahidi, nami nilimwita mwongo miezi mitatu mizima. Mwombe anisamehe.

Safari hii sikutoa mia na tano. Ya nini, na hesabu imekaa vizuri hivi? Na ona: kwa tatu mmoja, kwa tano mmoja, kwa saba mmoja. Reste wetu, mara tatu! Namwona amesimama nyuma ya mistari na viatu vyake vya harusi, anainama kama padri.

Umesahau neno la macho, na barua ni fupi kama risiti, lakini nakusamehe. Watu mia na sita ni kazi. Wachina wamefukuzwa hapa tangu mwezi wa kwanza, duka la vijitabu limefungwa. Shauri yao. Nimemnunulia yaya kitambaa cha shati. Fundi aliuliza kipimo, nikamwambia ongeza, akaongeza, nikamwambia ongeza tena.

Niandikie haraka.

Félicité wenu

Bujumbura, 11 Aprili 1965

Papa,

Hujaniandikia. Mama Generose amekuja mara mbili bila barua. Mara ya pili alinijazia bakuli la ndagala na akakataa malipo. Yule mama hajawahi kumpa mtu ndagala bure, hata padri. Na hakunitazama usoni.

Nikakaa nao wale ndagala mbele yangu. Kesho yake nilikwenda kazini mapema, nikafunga nyaya kwenye tablo, hatua zote kama nilivyokuandikia mwezi wa sita, nikatoboa kadi tatu: mmoja, mmoja, mmoja. Mashini ilizidisha. Ikajumlisha mia moja na sita. Halafu ikatoa mia na tano, kwa sababu iliambiwa itoe. Haikusita hata kidogo. Ndiyo maana wanailipia bei ile: haina kaka.

Ikaandika moja.

Nikakumbuka hatua niliyoongeza mwezi wa saba. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa mkono wangu, na mzaha juu yake: kabla ya kuwapanga watu, jipange mwenyewe.

Papa, labda hukutii. Labda siku hiyo mvua ilinyesha, ulichoka, ulisimama pembeni na kalamu kama zamani, ukajisahau, na huyo mmoja ni mwingine. Sijawahi kumwombea baba yangu akosee. Namwombea sasa, na nikiomba hivyo nakumbuka uliniandikia umetii, kwa hiyo naacha, halafu naanza tena.

Usiniletee namba tena. Fanya kama Rugema. Waite mmoja mmoja, na atakayegeuza kichwa, niandikie jina lake.

Félicité

Rurambo, 3 Mei 1965

Binti yangu,

Mwezi wa pili sikukudanganya. Watu wa Fizi hawakufika kamwe. Nilikupa hesabu ya kweli nikakuachia jibu, kwa sababu kitabu changu hakina majibu, na hili sikuweza kuliandika. Ulipofurahi, nilikuachia furaha hiyo. Mama Generose alinigombeza.

Leo asubuhi nilipanda na Rugema mpaka malishoni, nikafanya kama ulivyosema. Nilimwita Komanda. Niliwaita wa mstari wa kwanza, wa pili, wote ninaowajua kwa jina, na nimegundua nilikuwa nawajua wote. Octave nilimwita mara tatu. Halafu mara tano. Halafu mara saba. Ng'ombe wa Rugema waligeuza vichwa, kwa adabu, wakanitazama.

Umeomba majina ya walioitika. Haya hapa:

Norbert